Maji ya Kiyoyozi Yasiishie Ukutani

Zunguka nyuma ya nyumba ya wageni yenye viyoyozi, Nachingwea au Ruangwa mjini, mwezi wa pili. Kipira chembamba kinaning'inia ukutani, maji yanadondoka mchana kutwa, na lipu chini yake imeota ukungu wa kijani.

Maji hayo hayatoki kwenye gesi ya mashine, kama wengi wanavyodhani. Yanatoka hewani. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye koili ya baridi. Mvuke hugeuka matone, hukusanyika kwenye trei na kutoka nje. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 23 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 24 na unyevu ukashuka hadi asilimia 50, hubaki gramu 11 hivi. Zilizopungua ndizo zinazodondoka. Kiyoyozi cha BTU 12,000, hewa ikiwa na unyevu mwingi, kinaweza kutoa lita moja kwa saa. Usiku mmoja, karibu nusu dumu.

Wanaosifia mbinu ya kukinga maji haya huruka jambo moja. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Kiyoyozi hutoa maji mengi wakati ambao hata paa linatoa; Septemba, foleni kisimani zikirefuka, hewa ni kavu na matone huadimika. Bati la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 10 tu, hukusanya karibu lita 500. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na mifereji ya paa na simtanki.

Ila kama kiyoyozi kipo tayari, kinga. Maji yake hayana chumvi: yanafaa kudeki, kumwaga chooni, kumwagilia kitalu cha mikorosho. Kunywa, hapana, koili ina vumbi, uteute wa bakteria na chembe za shaba. Betri ya gari nayo iachie maji yake ya dukani.

Dumu lifunikwe kwa wavu, kwani mbu wa dengi hutaga kwenye vyombo vya namna hiyo. Na ncha ya kipira isizame majini: hewa ikikosa njia, maji hurudi kwenye trei na kufurikia chumbani, juu ya kitanda cha mgeni.