Ramani, Upepo na Masimulizi: Uteuzi wa Maeneo ya Mitambo ya Upepo Migori na Homa Bay

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mfumo wa taarifa za kijiografia unavyotumiwa kuteua mahali pa kujengea mitambo ya umeme wa upepo, kwa kurejelea kaunti za Migori na Homa Bay. Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa fasihi na ramani, wapi na wapi? Jibu litajitokeza.

Katika mfumo huu, tarakilishi hupanga ramani juu ya ramani, mithili ya karatasi angavu. Tabaka la kwanza ni kasi ya upepo. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huongezeka mara nane. Hivyo kosa dogo hapa huzaa hasara kubwa. Mchana upepo hutoka Ziwa Viktoria kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka. Ndiyo maana vilima vilivyo kando ya ziwa, kama vile Gwassi, huchunguzwa kwanza.

Tabaka la pili ni mwinamo wa ardhi, barabara na nyaya za umeme. La tatu ni maeneo yasiyofaa kuguswa: Hifadhi ya Ruma, makao ya pekee nchini Kenya ya swala mkubwa aitwaye korongo, na Thimlich Ohinga, ngome ya mawe huko Migori iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kila tabaka hupewa uzito, kisha yote hujumlishwa. Penye alama za juu husimamishwa mlingoti wa kupimia upepo kwa mwaka mmoja au zaidi.

Hata hivyo, lipo tabaka ambalo setilaiti haliioni. Kwa desturi ya Wajaluo, marehemu huzikwa bomani kwake. Picha ya angani huonyesha paa. Haionyeshi kaburi wala maana yake. Kule Kinangop, katika Kaunti ya Nyandarua, mradi wa upepo ulivunjika mwaka 2016 kufuatia upinzani wa wakazi kuhusu ardhi. Upepo ulikuwapo, maafikiano ndiyo yaliyokosekana.

Hapa ndipo mwanafasihi anapohitajika: kuyasikiliza masimulizi ya wazee na historia ya majina ya mahali, kuyafasiri na kuyaandika, ili yawe tabaka mojawapo kabla ya uzito kugawanywa, si baada ya hati kutiwa sahihi. Wahenga walinena: asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mchora ramani naye hana budi kuuliza.