Je, Wajua? Wenye nyumba na wenye jasho

Je, wajua kuwa Tembe la Livingstone, pale Kwihara karibu na Tabora, halikuwa la Livingstone? Lilikuwa nyumba ya Waarabu wa biashara. Yeye, mmisionari David Livingstone, alikuwa mgeni tu, akakaa humo miezi kadhaa mwaka 1872. Mgeni ndiye aliyeachiwa jina.

Je, wajua kuwa njia ya kwenda huko ilipita jirani na Kilosa? Mwaka 1871 msafara wa Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, uliteseka kwenye matope ya Mkata, mbuga ambayo sehemu yake leo imo katika Hifadhi ya Mikumi.

Na waliobeba mizigo, je? Wengi hudhani wote walikuwa watumwa. La! Wapagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida walikuwa watu huru, wakipatana ujira kabla ya safari. Mzigo ulikaribia frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Watumwa nao waliswagwa kwenda pwani kwa njia hiyohiyo, hivyo anayetembeza wageni atofautishe: huyu alilipwa, yule aliuzwa.

Malipo mara nyingi yalikuwa nguo, hasa merikani. Wajua ilikotoka? Viwanda vya Massachusetts, vilivyotumia pamba iliyolimwa na watumwa Weusi wa kusini mwa Marekani. Pembe za ndovu walizobeba zikaelekea Ivoryton na Deep River, Connecticut, kutengenezewa vibonye vya piano. Kwa hiyo ukiona piano kuukuu kwenye jumba la makumbusho la huko, muulize mwongozaji pembe zilibebwa na nani.

Je, wajua kuwa vyumba vya chini vinavyoonyeshwa Mkunazini, Unguja, kama vya kufungia watumwa vina utata? Jengo la juu yake ni la wamisionari, lililoinuliwa baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Soko lilikuwapo kweli. Wanahistoria wanachohoji ni vyumba.

Chuma, aliyeokolewa kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861, na Susi, watumishi wa Livingstone, waliongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo alipofariki. Kwenye mazishi London, Aprili 1874, hawakuwapo! Alikuwapo Jacob Wainwright, naye aliwahi kuwa mtumwa.

Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, ila masuria wakasubiri hadi 1909. Bara je? Wajerumani walitangaza tu kuwa watoto watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Mzazi wa mtoto huyo, awe Kilosa au Tabora, alisubiri sheria ya Waingereza ya 1922.