Sahihi ya chai si sahihi ya ridhaa

Vijana wanaotoka vyuoni huniuliza sana hapa Amu: "Kaka, hii kazi yenu ya ushauri ni kazi gani hasa?" Wengine hudhani ni kukaa chini ya feni na kuwapa watu nasaha. Leo nieleze, kwa sababu nimeifanya miaka mingi katika kampuni ndogo ya watu wanne, na kuna jambo ndani yake linalokuhusu hata wewe usiyetaka kuajiriwa.

Mtu akitaka kujenga gati, hoteli kubwa au kiwanda, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inamtaka kwanza afanye tathmini ya athari kwa mazingira. Bila hiyo, NEMA haimpi leseni. Ripoti hiyo haandiki mwenyewe, huwaajiri wataalamu waliosajiliwa. Hapo ndipo tunapoingia sisi.

Bosi wetu ndiye mtaalamu mkuu, na sahihi yake ndiyo inayokwenda kwenye ripoti. Wa pili huchora ramani. Wa tatu ni mhasibu, naye ndiye anayepokea simu na kuchemsha kahawa. Wa nne ni mimi mwenye diploma: naitisha mikutano, najaza hojaji, natafsiri maneno ya wazee. Katika kampuni ndogo hakuna kusema "hiyo si kazi yangu." Nimewahi kubeba viti kichwani kutoka botini, kisha nikafungua mkutano kwa dua.

Malipo huja kwa mafungu: kidogo mwanzo, kidogo tukitoa rasimu, na fungu kubwa ripoti ikikubaliwa. Serikali nayo hukata asilimia 5 ya kodi kabla pesa hazijatufikia. Zabuni moja ikiisha, yaweza kupita miezi kabla ya nyingine, na kodi ya nyumba haingoji.

Sasa angalia mtego ulipo. Anayetulipa ndiye anayeitaka leseni. Na tunaokwenda kuwauliza ni ami zetu, mashangazi zetu na watu tuliosoma nao chuoni kwa maalimu mmoja.

Miaka ya mwanzo niliteleza. Tulikwenda kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Boti ilichelewa kwa sababu mlango wa Mkanda ulikuwa na maji madogo, tukafika adhuhuri watu wakiwa wamechoka kutungoja. Mkutano ukaenda mbio. Mteja alieleza mradi, tukapitisha karatasi ya mahudhurio, tukagawa chai, mahamri na nauli. Majina yalikuwa zaidi ya sitini. Niliporudi ofisini niliandika kwenye rasimu: "Wakazi waliunga mkono mradi."

Siku chache baadaye, baada ya Isha, ami yangu ambaye ni mvuvi alinikuta barazani. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Mwanangu, umeandika kwamba tumekubali?"

Nikamwambia, "Ami, si mlitia sahihi?"

Akasema, "Mimi nilitia sahihi ya chai."

Sikuwa na jibu. Nilimweleza bosi, naye akanyamaza kitambo, kisha akasema turudi. Tulirudi kwa gharama yetu. Safari hii watu walisema wazi kwamba hawataki kufungiwa njia ya mashua. Tuliyaandika hayo. Mteja akataka aya ile iondolewe, bosi akakataa, na fungu la mwisho hatukuliona. Mwezi ule nilikopa kwa muuza duka.

Msidhani hili ni jambo dogo la vijijini. Mnakumbuka mradi wa makaa ya mawe wa Kwasasi, wa megawati 1,050. Leseni ya NEMA ilitolewa mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta, katika kesi iliyoletwa na Save Lamu na wenzao. Sababu moja kubwa ilikuwa hiyo hiyo: mikutano ilifanyika ya kutambulisha mradi, lakini ripoti ilipokamilika wananchi hawakushirikishwa ipasavyo ili watoe maoni juu ya yale yaliyomo. Mwaka mmoja kabla yake, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Kwa hivyo mteja anayenunua ripoti ya haraka hujinunulia kesi.

Siku hizi tuna kanuni tatu. Karatasi ya mahudhurio huandikwa juu, kwa Kiswahili, kwamba kutia sahihi si kukubali mradi. Mwisho wa mkutano nasoma kwa sauti yote niliyoandika, na aliyenukuliwa vibaya ananisahihisha. Na ripoti ikikamilika tunarudi na muhtasari wake. Wako wateja waliotukimbia kwa sababu hiyo, nasi tumebaki wanne vilevile.

Kijana unayetaka kazi hii, karibu, lakini ujue mteja akishapata leseni huondoka, nawe utabaki ukiswali safu moja na uliowaandika. Nawe mwenyeji ukiletewa karatasi, soma kilichoandikwa juu kabla ya jina lako. Kama hakuna kitu, mwambie aandike kwanza, chai ingoje.

Wallahu a'lam.