Mirathi ya Sayyid Said

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Muscat. Alitawala ng'ambo zote mbili za bahari, Oman na Unguja, lakini hapakuwa na mkataba uliozifunga pamoja. Kifungo kilikuwa yeye mwenyewe. Uskoti na Uingereza nazo ziliwahi kukaa hivyo, mfalme mmoja na mabunge mawili tangu 1603, hadi yalipounganishwa 1707. Huku mambo yalikwenda kinyume.

Mwanawe Majid alishika Unguja na pwani ya Mrima, kaka yake Thuwaini akabaki na Muscat, na Majid akakubali kumpelekea riale 40,000 kila mwaka. Ugomvi ulizuka juu ya maana ya fedha hizo. Thuwaini aliziona kodi ya aliye chini yake. Majid aliziona msaada kwa ndugu aliyepata fungu la nchi maskini. Mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu za vita, Waingereza wakazirudisha.

Mwaka huohuo ndugu yao Barghash alitaka kumpindua Majid, akiungwa mkono na kabila la Waharthi. Barua za njama ziliandikwa na dada yao Salme, binti wa miaka 15. Mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia. Mkono huohuo ndio ulioandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani 1886, na bila hizo jumba lile lingejulikana zaidi kwa ripoti za makonseli.

Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa India kwa niaba ya Uingereza, aliamua Unguja na Muscat ziwe milki mbili. Riale 40,000 ziliendelea, ila sasa zikiwa fidia ya mafungu ya mirathi yasiyolingana, si dalili ya utii.

Majid alianza kujenga Dar es Salaam kando ya kijiji cha Mzizima, akafa 1870 kabla mji haujakamilika. Barghash, aliyeshindwa 1859, ndiye aliyerithi kiti, naye alileta Unguja mtambo wa chapa. Humo vilichapwa vitabu vya fikihi na vya tafsiri ya Kurani vya Maibadhi, wafuasi wa madhehebu ya Kiislamu yaliyoenea Oman, kikiwemo cha Sheikh Atfayyish wa Algeria. Milki zilikuwa zimegawanywa, lakini wanazuoni wa Unguja na wa Oman waliendelea kusoma vitabu vilevile.