Nusu Asilimia Isiyofika

Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 haukuficha kitu. Serikali ya Kenya ilisema humo kwamba fedha za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani kwenye mvua ya kutosha, udongo mzuri na barabara. Turkana, Wajir, Mandera na Marsabit, ambako hata mkoloni hakujenga cha maana, zikabaki kungoja faida ya wenzao iwafikie.

Katiba ya 2010 ilikusudia kurekebisha hali hiyo. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, ambayo kila mwaka hutengewa nusu asilimia ya mapato yote ya serikali ya kitaifa kwa ajili ya huduma za msingi kama maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Fedha hizi si sehemu ya mgao wa kawaida wa kaunti. Mapato yakiwa shilingi trilioni 1, hazina inastahili bilioni 5. Lakini hesabu hiyo hufanywa kwa vitabu vya mwisho vilivyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuviidhinisha, mtu wa Mandera anapimiwa haki yake kwa mapato ya miaka iliyopita, huku bei ya saruji ikiwa ya leo.

Nani ahesabiwe kuwa ametengwa? Tume ya Ugavi wa Mapato ilianza kwa kutaja kaunti nzima 14, kuanzia Turkana hadi Lamu. Kipimo hicho kilikuwa butu. Kilifi iliingia kwenye orodha pamoja na hoteli za Watamu, ilhali Baringo iliachwa nje na ukame wake wa Tiaty. Sera ya pili, ya mwaka 2018, ikashuka hadi mashinani na kubainisha maeneo 1,424 katika kaunti 34. Hapo tume ilipata picha ya kweli zaidi ya umaskini, ila fungu lilelile sasa linagawiwa vinywa vingi mno. Kwa maoni yangu, afadhali kijiji kimoja kipate mradi wa maji uliokamilika kuliko vitano vipewe matangi bila mabomba.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, ni njia ambayo fedha hupitia. Bunge lazima lipitishe sheria ya matumizi, Msimamizi wa Bajeti aidhinishe, kisha Wizara ya Fedha itoe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha mwongozo uliokuwa ukiendesha hazina, na kanuni mpya zikapatikana 2021. Isitoshe, kwa miaka mingi kilichowekwa hakijafikia nusu asilimia. Katiba inasema fedha ambazo hazijatumika zibaki ndani ya hazina zitumike mwaka wowote unaofuata. Ulinzi mzuri huo, ila unazifaa zile zilizoingia tu.

Hata zikifika, ujenzi ni nusu ya kazi. Kisima kirefu cha mashine kikizinduliwa, kamati ya maji huuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi chache, nazo ndizo za kununua dizeli na kumlipa mlinzi. Jenereta ikikwama, fundi hutoka makao makuu ya kaunti na kipuri hutoka Nairobi. Wiki hizo zote ng'ombe wanarudi kwenye silanga, na kina mama vilevile. Zahanati nayo ni hivyohivyo: jengo hulipiwa na hazina, mshahara wa muuguzi hulipwa na kaunti. Hazina na kaunti zisiposhirikiana tangu siku ya kuchora ramani, mlango hubaki na kufuli.

Kifungu cha 204 kinakoma Agosti 2030. Kukirefusha kunahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wote wa kaunti katika Seneti. Wabunge wa maeneo yaliyotengwa ni wachache, hivyo kura za kaunti zenye nafuu kama Kiambu na Nyeri zitahitajika. Kabla ya siku hiyo, Wizara ya Fedha ichapishe, mwaka kwa mwaka, kilichostahili kuwekwa na kilichowekwa.