Ukanushi katika Hojaji za Afya

Watafiti wa afya huyasoma maswali yale yale mbele ya makundi mbalimbali, wakahesabu majibu, kisha wakahitimisha kwamba kundi fulani lina huzuni kuliko jingine. Huenda ni kweli. Huenda pia tofauti imezaliwa na swali lenyewe. Ili kupambanua, hulinganishwa wale tu ambao kiwango chao cha ugonjwa ni kimoja. Wakizidi kutofautiana katika swali moja, basi swali hilo linapima na jambo jingine. Katika hojaji ya CES-D, iliyochapishwa na Radloff huko Marekani mwaka 1977, swali la kulia limedhihirika kuwa la namna hiyo: wanawake hukiri kulia kwa wepesi kuliko wanaume wenye huzuni sawa na yao.

Hayo ni ya mila. Yanayotuhusu zaidi sisi wanaisimu ni ya sarufi, nayo nadhani tumeyapuuza. Hojaji ya SRQ-20 ya Shirika la Afya Duniani ina maswali 20 ya kujibiwa ndiyo au hapana. Mojawapo huuliza kama mtu hana uwezo wa kufanya la manufaa maishani. Kiingereza hukuficha kutoweza huko ndani ya kivumishi, mfasiri wa Kiswahili huvutwa kwenye kitenzi kikanushi: "Je, huwezi kufanya jambo lenye manufaa?" Mkulima asiyesoma Kiingereza huiafiki kauli ya muulizaji: "Ndiyo, siwezi." Mwalimu aliyezoea Kiingereza aweza kusema: "Hapana, siwezi." Wameungama jambo moja, lakini karani akiandika neno la kwanza tu, mkulima huhesabiwa mgonjwa na mwalimu mzima.

Mimi mwenyewe, niliporejea kutoka masomoni ng'ambo, mama aliniuliza, "Hujala?" Nikajibu, "Hapana." Akafunika chungu.

Kumwomba mtu ajibu kwa sentensi kamili kungesaidia, ila karani mwenye watu wengi wa kuhoji hatalipenda shauri hilo. Yafaa basi swali lenyewe liwe yakinishi: "Je, unashindwa kufanya jambo lenye manufaa?" Hata hivyo, kushindwa hudokeza kwamba mtu amejaribu, na aliyekwisha kata tamaa pengine hajaribu tena.