Ukuaji wa Uchumi wa Kenya, Uganda na Tanzania: Ulinganishaji na Matumizi ya Lugha

Utangulizi

Soko la Rodi Kopany, katika Kaunti ya Homa Bay, limekaa njia panda. Barabara itokayo mjini Homa Bay hupita hapo kuelekea Rongo katika Kaunti ya Migori, na nyingine huchepuka kwenda Ndhiwa hadi Karungu, ufuoni mwa Ziwa Viktoria. Kutoka Rongo, barabara kuu huendelea hadi Isebania. Ng'ambo ya mpaka ni Sirari, Tanzania. Kitoweo kiitwacho omena hapa Rodi Kopany huitwa dagaa nchini Tanzania na mukene nchini Uganda. Samaki ni yule yule na ziwa ni lile lile, ila chumi za nchi tatu zinazolizunguka zimepitia njia tofauti tangu uhuru. Ni nchi ipi iliyokua zaidi? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa asilimia moja tu ya mwaka mmoja. Makala haya yanafafanua kwa nini jibu hilo halitoshi, na jinsi Kiswahili kinavyoweza kulinyoosha au kulipotosha.

Kasi na kimo

Mtoto wa miaka miwili hurefuka kwa kasi kuliko kaka yake wa miaka kumi na minane, lakini hakuna asemaye kuwa mtoto ndiye mrefu. Uchumi nao una kasi na una kimo. Tuchukue mfano wa kubuni wa nchi mbili. Katika nchi ya kwanza, pato la wastani la kila mtu ni 1,000, nalo hukua kwa asilimia 4 kwa mwaka. Katika nchi ya pili pato hilo ni 500, nalo hukua kwa asilimia 6. Baada ya mwaka mmoja, ya kwanza imeongeza 40 na ya pili 30. Nchi yenye kasi zaidi imezidi kuachwa nyuma! Kasi hizo zikidumu, itachukua takriban miaka 36 kwa ya pili kuifikia ya kwanza.

Hata hivyo, haba na haba hujaza kibaba. Uchumi unaokua kwa asilimia 7 huongezeka maradufu kwa takriban miaka 10, ilhali ule wa asilimia 3.5 huhitaji miaka 20. Kwa miaka 30, wa kwanza huwa zaidi ya mara 7 ya ulivyokuwa, na wa pili haufiki mara 3. Kwa hiyo, linalofaa kupimwa ni mwendo wa muda mrefu.

Kutoka wapi, na kwa wangapi?

Kila kasi ina mahali ilipoanzia. Uchumi wa Uganda uliporomoka baada ya mapinduzi ya 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka wa 1972 na vita vilivyofuata. Ukuaji wake mkubwa wa miaka ya 1990, kwa kiasi fulani, ulikuwa ni kurejesha kilichokuwa kimepotea. Tanzania ilifuata Azimio la Arusha tangu 1967, ikakumbwa na uhaba mkubwa wa bidhaa mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha ikakua kwa asilimia 6 hadi 7 kwa miaka mingi baada ya 2000. Kenya ilianza kwa kishindo baada ya uhuru, ikadorora katika miaka ya 1990. Mwandishi akianza hesabu mwaka wa 1965, Kenya itang'ara. Akianza mwaka wa 2000, Tanzania itang'ara. Wote wawili watakuwa wametumia takwimu sahihi.

Siasa nazo zina mchango wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Njia ya Isebania na Sirari, iliyokuwa ya biashara, ikawa ya magendo. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini mwaka wa 1999.

Swali la pili ni la idadi ya watu. Sensa ya Tanzania Bara na Visiwani ya 1967 ilihesabu watu takriban milioni 12.3, ile ya 2022 ilihesabu milioni 61.7, yaani mara tano. Uchumi ambao ungekua mara tatu tu katika kipindi hicho ungemwacha mwananchi wa kawaida akiwa maskini kuliko babu yake, japo magazeti yangetangaza ukuaji kila mwaka.

Swali la tatu ni la kipimo chenyewe. Mnamo Septemba 2014, Kenya ilibadilisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2009, na pato la taifa likapanda kwa takriban asilimia 25. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikaihesabu Kenya miongoni mwa nchi za kipato cha kati cha chini. Tanzania iliingia kundi hilo mwaka wa 2020. Hakuna mchuuzi wa Rodi Kopany aliyeamka siku hiyo ya Septemba akakuta debe la ziada la omena. Shughuli ambazo awali hazikuhesabiwa vyema ndizo zilizoingizwa hesabuni.

Lugha ya takwimu

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Mwaka wa 2008, kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, ukuaji wa uchumi wa Kenya ulishuka kutoka takriban asilimia 7 hadi chini ya asilimia 2. Kusema kuwa "uchumi ulishuka" ni kosa: kilichoshuka ni kasi. Pato la taifa liliongezeka kidogo, lakini watu waliongezeka zaidi, hivyo pato la wastani la kila mtu likapungua. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, pato la taifa lenyewe lilipungua kidogo. Haya ni mambo matatu tofauti, nayo yanastahili sentensi tatu tofauti. Vivyo hivyo, "ukuaji" si kisawe cha "maendeleo": la kwanza hupima wingi wa mapato, la pili hujumuisha afya, elimu na mgawanyo wa mapato hayo.

Hitimisho

Anayelinganisha chumi za nchi jirani hana budi kutaja mambo manne: mwaka wa kuanzia, mwaka wa kumalizia, idadi ya watu na mwaka wa kizio. Mfasiri au mtangazaji anayeyaacha humnyima msikilizaji wa Rodi Kopany, Sirari au Kampala nafasi ya kuhukumu mwenyewe iwapo viongozi wake wametimiza ahadi zao. Istilahi za kumweleza zipo katika Kiswahili. Kilichobaki ni kuzitumia kwa makini.